Ndege ya Siku Gani?

Swali lililozaa ubishi huu linaonekana dogo. Mtu akitaka kuunda modeli ya ndege ya vita iwe sahihi kihistoria, usahihi huo aupime kwa nini? Kwa mchoro wa kiwanda, kwa picha, au kwa yale yaliyoipata ndege yenyewe ilipokuwa kazini? Anayeunda Spitfire anaweza kulikwepa swali hilo maisha yake yote, maana vipande vyake vya plastiki vinauzwa vimeshachongwa na vitabu vyake vinajaza kabati. Atafungua boksi, atafuata maelekezo, atamaliza. Ndiyo maana nimechagua ndege isiyo na njia ya mkato: boti ya kuruka ya Curtiss iliyofanya kazi kwenye delta ya Rufiji mwishoni mwa mwaka 1914.

Nimewaketisha watu watatu wa kubuni. Fundi ni kijana wa Dar es Salaam anayeunda modeli kwa mkono katika skeli ya 1:48. Mwalimu ni mama wa Unguja, amesomesha historia sekondari mpaka akastaafu. Mzee ni mjenzi wa majahazi kutoka Jibondo, kile kisiwa kidogo cha Mafia ambacho watu wake wanajulikana kwa kuunda vyombo. Nami nimo, na mara mbili tatu sikuweza kunyamaza.

Kisa chenyewe kinajulikana, basi nikipitie upesi. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilifika Zanzibar ikaishambulia na kuizamisha Pegasus ya Waingereza, iliyokuwa imetia nanga kwa matengenezo ya mitambo. Kisha ikaenda kujificha Rufiji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba na kuiziba midomo ya mto, lakini manowari zao zilihitaji kina kirefu kuliko kile cha mikondo ile, na mikoko iliwafunika macho. Wakahitaji jicho la juu. Wakamchukua rubani raia aliyekuwa Durban na Curtiss yake, H. Dennis Cutler, wakampa cheo cha jeshi la majini, wakampeleka kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia.

FUNDI: Nianze na lililo wazi. Curtiss ya aina hii haina siri. Mwili wake ni boti ya mbao. Mabawa ni mawili, la juu na la chini, yamevikwa kitambaa. Injini imekaa kati ya mabawa, nyuma ya rubani, na rafadha inasukuma badala ya kuvuta. Vile vibawa vya kuilaza ndege upande havikuwa kwenye ukingo wa nyuma wa bawa kama tulivyozoea leo. Vilikaa katikati ya nafasi, baina ya bawa la juu na la chini, na rubani aliviendesha kwa nira iliyomkaa mabegani. Akiegemea kushoto, ndege inalala kushoto. Yote hayo yapo kwenye michoro. Nikigawa kila kipimo kwa 48, nusu ya kazi imekwisha.

MZEE: Nusu ipi, mwanangu?

FUNDI: Nusu ya vipimo, mzee wangu. Nusu ya pili ni mkono.

MZEE: Sisi hatuna nusu ya kwanza. Nalaza mkuku, nasimamisha mataruma, macho yananiambia tumbo la chombo litoke wapi. Lakini haya, wewe una karatasi. Karatasi hiyo inachora chombo kipya au chombo kilichofika Nyororo?

Hapo Mzee alikuwa amegusa pabaya kuliko alivyojua. Cutler aliruka mara ya kwanza tarehe 19 Novemba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Alipotea, akatua kwenye kisiwa cha Okuza, na alipopatikana ilionekana rejeta ya injini imeharibika. Manowari Fox ikatumwa Mombasa kutafuta nyingine. Iliyopatikana ilikuwa rejeta ya gari la Ford. Wakaifunga hiyo. Siku chache baadaye Cutler akaiona Königsberg mtoni, lakini aliporudi kutua mwili wa boti ukaumia. Meli ya Kinfauns Castle ikarudi hadi Durban kuchukua mwili wa Curtiss ya pili, na mabawa ya ile ya kwanza yakahamia juu yake. Ikaendelea kuruka mpaka tarehe 10 Desemba, Cutler aliposhuka mtoni na kutekwa na Wajerumani.

Kwa hiyo boti ambayo rubani wake alitekwa tarehe 10 Desemba ilikuwa na mwili wa boti nyingine na rejeta ya motokaa. Mchoro wa kiwanda hauna hata kimoja kati ya hivyo viwili.

FUNDI: Najua. Ndiyo maana nitaunda ya tarehe 19 Novemba, asubuhi, kabla haijaharibika chochote. Siku hiyo mchoro na ndege vinalingana. Hakuna atakayenikosoa.

MWALIMU: Na hapo ndipo ninapokukosoa mimi. Siku hiyo ndege yako haikuona kitu. Ilipotelea mvuani. Umeichagua kwa kuwa inakurahisishia wewe, na kwa historia haina uzito wowote. Nimesahihisha mitihani miaka mingi, kijana wangu, namjua mwanafunzi anayejibu swali alilolisoma badala ya swali aliloulizwa.

FUNDI: Mwalimu, usahihi ni kusema lile unaloweza kulithibitisha. Nikiunda ya Desemba, nitaifungaje rejeta ya Ford? Ilikaa wima au iliinamishwa? Mipira ya maji ilipita wapi? Vishikizo vilikuwa vya chuma bapa au vya mbao? Hapo nitakuwa nabuni, na modeli yangu itakuwa hadithi.

MWALIMU: Na ya Novemba si hadithi? Itamwambia mtazamaji kwamba vita vya Rufiji vilipiganwa kwa mashine iliyotoka kiwandani imekamilika. Ukweli wa pale ulikuwa wa kuungaunga, kuanzia ndege hii mpaka zilizoifuata. Februari 1915 zilikuja Sopwith mbili zenye kuelea, joto na unyevu vikaachanisha gundi yake, na injini zikashindwa kuzinyanyua zikiwa na mzigo. Aprili zikaja Short za mabawa ya kukunja, nazo zilikuwa zimeshatumika na kuchoka. Mashine safi kama ya kwenye mchoro ndiyo kitu ambacho Rufiji haikukiona.

MZEE: Mimi ningeunda ya mwisho. Chombo nakitazama kwa viraka vyake. Ubao mpya ulioingia kati ya mbao kuukuu unanieleza kiligonga wapi, nani alikikarabati, na kama alikuwa na haraka. Cha leo asubuhi kimetoka kwa fundi hakinielezi kitu ila fundi.

Naungana na Mzee, na sababu yangu ni kali kidogo kuliko yake. Neno "sahihi" katika kazi hii halina maana mpaka litiwe tarehe. Waundaji wengi wa modeli hubishana juu ya umbo la bawa au nafasi ya ribiti kana kwamba ndege ni kitu kimoja kisichobadilika, kumbe ndege ya vita hubadilishwa injini, hubandikwa kipande kutoka kwa mwenzake aliyeanguka, hupakwa rangi juu ya rangi. Vipimo vinaweza kuwa sawa mpaka nukta na modeli ikawa ya ndege ambayo haijawahi kuwepo: mwili wa Desemba, rejeta ya Novemba, alama za mwaka uliofuata. Nimeona modeli za namna hiyo zikisifiwa. Mwenye tarehe mkononi, hata akiwa na mikono mizito, yuko karibu zaidi na ukweli.

FUNDI: Haya, nimekubali Desemba. Sasa nisaidieni na vile vishikizo vya rejeta. Nifanyeje?

MWALIMU: Viache wazi. Vichonge kwa namna iliyo ya busara, kisha usivipake rangi. Vibaki shaba tupu. Wanaokarabati vyungu vya kale kwa ajili ya makumbusho hawafanyi vingine: pengo hujazwa ili chungu kisimame, lakini kijazio hakifanywi kifanane na udongo wa asili. Anayetazama anajua wapi ni chungu na wapi ni mikono ya leo.

FUNDI: Chungu hicho kimekaa sentimita 30 kutoka machoni, Mwalimu. Modeli yangu nzima itaenea juu ya sinia. Ukiweka shaba inayong'aa katikati ya mbao na kitani, mtu ataona shaba tu, ndege hataiona. Isitoshe, nikianza kuacha wazi kila ninachokisia, nitaacha wazi mpaka rangi ya kitambaa.

Kwa hili la rangi Fundi alikuwa na mengi, na nilimwachia aseme kwa sababu watu hulidharau. Picha za wakati ule ni nyeusi na nyeupe, na filamu nyingi hazikuhisi nyekundu. Chochote chekundu kilitoka karibu cheusi, buluu hafifu ikatoka karibu nyeupe, na kitani chenye umanjano wa vanishi kikaonekana kimekoza kuliko kilivyokuwa. Anayenakili kivuli cha picha moja kwa moja kwenye kopo la rangi anajidanganya. Halafu kuna shida ya skeli yenyewe. Kitu kikubwa kikitazamwa kwa mbali hupauka kwa sababu ya hewa iliyo kati yake na jicho. Modeli tunaitazama kwa karibu, na rangi halisi ikipakwa kama ilivyo huonekana nzito mno. Basi fundi huichanganya na nyeupe au kijivu kidogo. Anapotosha rangi ili rangi ionekane kweli.

FUNDI: Na waya! Msisahau waya. Mabawa ya ndege hizi yanashikana kwa waya. Waya wa milimita tatu katika skeli yangu unakuwa na unene wa sehemu sita za mia za milimita, ni unywele huo. Wengine wanatumia uzi wa nailoni. Mimi nakivuta kijiti cha plastiki juu ya mshumaa mpaka kinyooke kiwe chembamba. Vipande kumi vinakatika, kimoja kinafaa. Na hata hicho kimoja ni kinene kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo kila modeli ya ndege ya mabawa mawili unayoiona duniani ina uongo wa waya, na hakuna anayeuacha wazi.

MWALIMU: Uongo wa waya unatokana na vidole vyako. Mtazamaji anaufahamu, kwa kuwa anajua anatazama kitu kidogo. Uongo wa vishikizo unatokana na kutojua, na hawezi kuufahamu usipomwambia. Hivyo viwili usivitie kapu moja.

Hapo Fundi alinyamaza, na nadhani alishindwa kwa haki. Kasoro ya kipimo inajitangaza yenyewe. Kasoro ya ushahidi hujificha, na kadiri fundi alivyo hodari ndivyo inavyojificha vizuri zaidi. Modeli mbovu haimdanganyi mtu. Modeli nzuri iliyokisiwa hupigwa picha, picha ikaigwa na fundi mwingine, na baada ya miaka kumi vishikizo vya kubuni vinakuwa historia.

MZEE: Mbona hamjaniuliza juu ya uchafu?

FUNDI: Uchafu nina mbinu zake, mzee. Moshi nyuma ya injini, mafuta, chumvi kwenye mwili, mikwaruzo...

MZEE: Wiki ngapi ilifanya kazi?

FUNDI: Kuanzia tarehe 19 Novemba hadi tarehe 10 Desemba. Tatu.

MZEE: Na ule mwili wa pili ulikuja katikati. Basi una wiki moja na siku, hata mbili hazijatimia. Usiniwekee mwani. Usinioneshe mbao zilizooza. Vanishi kwa muda huo inaanza kupoteza mng'ao pale maji yanapopiga, na jua linapausha upande wa juu. Mstari wa maji utaonekana ikiwa chombo kililazwa majini usiku. Ikiwa kilipandishwa mchangani, tafuta mikwaruzo chini ya tumbo. Ila mabawa ni ya zamani, hayo yamekula chumvi zaidi. Mwili mpya, mabawa makuukuu. Ukipaka uchafu sawasawa kote umeharibu.

Sijui mwongozo wa modeli unaosema jambo hilo vizuri hivyo. Mtindo wa sasa ni kupaka madoa kila mahali mpaka ndege ifanane na iliyookotwa jalalani, na mtindo huo unajiita uhalisia.

MWALIMU: Nina neno moja na huenda likawachukiza. Tumekaa hapa tukipima waya. Vita hivi vilikuwa vya Mjerumani na Mwingereza, wakigombana ndani ya mto wa watu. Königsberg ilipomalizwa tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa, ikawekewa magurudumu, ikaburutwa bara na watu wetu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, kauoneni. Wapagazi wa vita hivyo, wa pande zote mbili, walikufa kwa makumi elfu, wengi kwa njaa na maradhi. Katika skeli yako mtu mzima ana sentimita tatu na nusu. Sentimita tatu na nusu, Fundi! Huna nafasi yake? Nataka wapagazi kwenye ubao wa hiyo modeli.

FUNDI: Mwalimu, tarehe.

MWALIMU: Tarehe gani?

FUNDI: Si tumekubaliana Desemba 1914? Mizinga iliopolewa baada ya Julai 1915. Mwezi Desemba bado ilikuwa juu ya meli, na meli bado inaelea. Nikikuwekea wapagazi wa mizinga kando ya Curtiss ya Cutler, ndiyo ile ile rejeta ya Novemba kwenye mwili wa Desemba. Wewe mwenyewe umenifunga kwa kanuni hii.

Kusema kweli nilifurahi, ingawa hoja ya Mwalimu ndiyo iliyo karibu na moyo wangu. Kanuni ya tarehe isipomfunga mwenye nia njema, haiwezi kumfunga yeyote. Modeli nyingine ingeweza kuwabeba wapagazi wale kwa haki: mzinga wenyewe juu ya magurudumu, na msururu wa watu wakiuvuta. Ingekuwa kazi kubwa kuliko ndege yoyote, na ningelipenda kuiona ikiundwa kabla ya Spitfire nyingine elfu moja.

MWALIMU: Sawa, umenikamata. Lakini na mimi nakukamata. Ulichokichagua ni Desemba; nipe basi watu wa Desemba. Tarehe 10 ndege iko mtoni, Cutler ametekwa. Ndege iliponaje?

FUNDI: Gallehawk, mwanafunzi wa uofisa wa jeshi la majini. Aliingia mtoni na meli ndogo ya kukokota, Helmuth, huku risasi zikipigwa kutoka kwenye mikoko, akaifunga kamba akaivuta nje.

MWALIMU: Basi iunde hivyo. Inakokotwa, kiti hakina mtu. Rubani wake umwache kwenye mikoko, mikononi mwa Wajerumani. Hapo hutamwonesha shujaa juu ya mashine yake, na hakuna atakayesema umetukuza vita. Na mto utalazimika kuwepo, siyo ule ubao wako mweusi wa kung'arisha.

FUNDI: Kwa hiyo niunde na maji. Na meli ndogo. Katika skeli ya 1:48!

MWALIMU: Sikusema Königsberg.

FUNDI: Königsberg ina mita 115. Ingekuwa na urefu wa mita mbili na sentimita 40. Mke wangu angenifukuza.

Ubishi ulikuwa unaelekea kuisha, ila Mzee alikuwa ameikunjua michoro mezani akiutazama mwili wa boti tangu zamu ya Mwalimu. Alitaka kuujenga yeye, kwa mbao, taruma kwa taruma, badala ya kuuchonga kwenye gogo moja la balsa kama Fundi alivyokusudia. Fundi alipinga: ndani hapataonekana. Mzee akamjibu kwamba hata ndani ya jahazi hapaonekani likishapakiwa, na hajawahi kupunguza taruma kwa sababu hiyo. Nilidhani watagombana. Badala yake wakaanza kuzungumzia unene wa mbao, wakakubaliana msonobari usio na vinundu, na kwamba gundi isiwe ile ya kukauka haraka, maana Mzee anataka muda wa kusogeza.

FUNDI: Na kamba ya kukokotea, mzee? Ifungwe wapi?

MZEE: Mbele, kwenye pua ya boti. Ipake rangi ya katani.

FUNDI: Niipake? Tumesema tunachokisia kibaki wazi.

MZEE: Kamba sikisii. Ukikokota chombo kwa nyuma hakifuati, kinageuka. Na risasi zinapigwa, hana muda wa kujaribu mara mbili.

MWALIMU: Huko pia ni kukisia, mzee. Kukisia kwa mtu anayejua vyombo, lakini kukisia. Huenda aliifunga popote mkono ulipofika.

MZEE: Basi hilo mtabishana mkishakuwa na chombo. Mimi nipeni mbao. Mwili ninaoujenga ni ule wa kwanza au uliotoka Durban?

FUNDI: Uliotoka Durban.

MZEE: Uandike basi kwenye kibao chake, kwamba ni wa pili. Na wa kwanza uandike uliumia wapi.